Nishani Haimo kwenye DD 214 Yako? Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Kumbukumbu za Jeshi la Marekani

Mwongozo huu ni wa ndugu zetu waliovaa sare ya jeshi la Marekani: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengineo, pamoja na wake, waume na watoto wao. Wengine waliingia wakiwa na kadi ya ukaazi, wengine kwa MAVNI, mpango wa kuandikisha wasio raia wenye ujuzi uliohitajika, ulioanzishwa mwishoni mwa 2008, ambao ulihesabu Kiswahili miongoni mwa lugha zilizohitajika jeshini. Wengi walitoka na DD 214, yaani hati ya kutoka jeshini, ambayo haitaji nishani walizozitolea jasho, na wapo waliozitolea damu.

Wanapojaribu kurekebisha, hukwama pale pale. Wanajaza DD 149, fomu ya kuomba marekebisho, wanaituma kwa Bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi, wanasubiri miezi, halafu ombi linarudi bila kusikilizwa. Sababu huwa mojawapo ya mbili: hawakupita ngazi za chini kwanza, au walituma maelezo yao matupu bila ushahidi.

Kabla hujaanza, fahamu kilicho mezani. Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa na adui, inakupandisha hadi kundi la 3 la kipaumbele katika huduma za afya za VA (wizara ya wanajeshi wa zamani), inakupa pointi 10 za upendeleo unapoomba kazi ya serikali kuu, na kwa aliyejeruhiwa tarehe 11 Septemba 2001 au baadaye, kisha akatoka kwa heshima, inampa asilimia 100 ya malipo ya masomo ya GI Bill. Nishani ya kampeni inaweza kuwa msingi wa pointi 5. Beji kama Combat Action Badge humsaidia mwenye madai ya PTSD (maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko wa vita), kwa kuwa VA haimbani tena athibitishe kwamba alikuwa mapiganoni. Na familia ikitaka nishani ya ushujaa ichongwe kwenye jiwe la kaburi linalotolewa na serikali, itaulizwa hati.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usijaze fomu yoyote kabla ya kukusanya hivi:

- DD 214 ndefu, yaani nakala iliyoandikwa "Member-4" chini. Ile fupi, "Member-1", haina sehemu inayoonyesha namna ulivyotoka jeshini, na ofisi nyingi haziikubali. Kama ulikuwa National Guard (jeshi la jimbo), ongeza NGB 22, hati yao ya kutoka.
- DD 214 zote, kama uliingia na kutoka zaidi ya mara moja.
- Jina lako lilivyoandikwa jeshini, herufi kwa herufi, na namba yako ya Social Security.
- Kila cheti cha nishani, kila hati ya amri, na kila fomu ya pendekezo uliyonayo (kwa Army, jeshi la nchi kavu, ni DA 638).
- Hati za mishahara (LES) za miezi uliyokuwa vitani, na hati za malipo ya safari.
- Kumbukumbu za matibabu za wakati ule, kama unadai Purple Heart.
- Majina ya watu waliokuwa nawe, vyeo vyao vya wakati ule na kikosi chenu.

Kama mwenyewe amefariki, ongeza uthibitisho wa kifo na wa undugu. Kwa kuomba faili la marehemu, kituo cha kumbukumbu kinamtambua mjane au mgane ambaye hajaolewa au kuoa tena, baba, mama, mtoto, kaka au dada. Shemeji, binamu na mjomba hawamo, hata kama ndiye aliyemlea marehemu. Kwetu hilo ni gumu kulimeza, lakini ndivyo utaratibu ulivyo, kwa hiyo tafuta mapema ndugu anayetambuliwa ili aweke saini.

Changanua kila karatasi na uweke nakala mahali pawili. Hati halisi usiitume popote.

## Hatua ya 1: Isome DD 214 yako mstari kwa mstari

Nishani ziko kwenye kisanduku cha 13. Kisanduku hicho ni kidogo, hivyo orodha ikiwa ndefu karani huandika "CONT IN BLOCK 18" na kuendelea kwenye kisanduku cha 18, cha maelezo ya ziada. Wapo wanaolalamikia nishani ambayo imekaa chini kabisa ya kisanduku cha 18, kwa maandishi ya vifupisho: ARCOM, AAM, NDSM, GWOTSM, ICM, ACM. Tafuta maana ya kila kifupisho kabla ya kusema haimo.

Ukiwa hapo, angalia kama safari yako ya vitani imeandikwa: nchi gani, tangu lini hadi lini. Tarehe zinaandikwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, bila nafasi kati yake. Kama safari yenyewe haimo, omba irekebishwe katika ombi hilo hilo, maana nishani ya kampeni itakataliwa ikiwa hati inaonyesha hukutoka Texas.

Kisanduku cha 13 kinabeba nishani za vipindi vyote vya utumishi wako. Kwa hiyo DD 214 yako ya mwisho ndiyo inayopaswa kuwa na orodha kamili, na ndiyo ya kurekebisha. Walio Reserve (jeshi la akiba) wawe macho hapa: nishani uliyoipata ukiwa kwenye mazoezi ya wikendi, baada ya kurudi kutoka vitani, kwa kawaida haiongezwi kwenye DD 214 ya safari ile, kwa sababu hati hiyo ilifungwa siku uliyorudishwa nyumbani.

Vipo pia vitu ambavyo havimo kwenye DD 214 na havitawekwa: vile vijistari vya mkono wa kulia vinavyohesabu miezi ya vitani, vyeti vya pongezi visivyo vya nishani, barua za shukrani, na sarafu ulizopewa na makamanda. Usivitie kwenye ombi.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye safu mbili: nishani zilizomo, na zile unazodai hazimo.

## Hatua ya 2: Jua tatizo lako ni la aina gani

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Nishani zisizoonekana ni za aina tatu, na kila aina ina mlango wake. Ukipeleka aina moja kwenye mlango wa nyingine, ombi litarudi.

Aina A: ilitolewa, haikuandikwa. Una cheti au amri yenye namba na tarehe, lakini karani aliyeandaa DD 214 hakuiona. Mara nyingi ni nishani ya kumaliza kazi iliyosainiwa wewe ukiwa umeshaondoka kikosini. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Hakuna wa kumshawishi. Kinachotakiwa ni kuonyesha karatasi.

Aina B: unastahili kwa kanuni, hakuna aliyehitaji kukupendekeza. Humu zimo nishani za utumishi na za kampeni. National Defense Service Medal ni ya kila aliyetumikia kwa heshima katika utumishi wa muda wote kati ya tarehe 11 Septemba 2001 na 31 Desemba 2022. Iraq Campaign Medal inahesabu kuanzia tarehe 19 Machi 2003 hadi 31 Desemba 2011, na Afghanistan Campaign Medal kuanzia tarehe 24 Oktoba 2001 hadi 31 Agosti 2021. Zote mbili zinataka siku 30 mfululizo au siku 60 zisizofuatana ndani ya nchi husika. Korea Defense Service Medal nayo inataka siku 30 mfululizo au 60 zisizofuatana. Hapa hutafuti amri ya nishani, unathibitisha kwamba ulikuwepo.

Aina B inabeba pia nishani za kikosi kizima, kama Meritorious Unit Commendation. Hizi hutangazwa wakati mwingine miaka baada ya kikosi kurudi, askari wameshatawanyika na DD 214 zao zimeshachapwa. Kama ulikuwa kwenye kikosi katika tarehe zilizotajwa kwenye tangazo, ni haki yako. Waulize wenzako wa kikosi waliobaki jeshini. Wao ndio huwa na namba ya amri.

Aina C: hukupendekezwa, au pendekezo lilipotea. Bronze Star, Silver Star, Army Commendation Medal na nyingine za aina hiyo ni uamuzi wa kamanda. Kukumbuka kwamba sajenti alisema "nimekuandikia" hakutoshi. Hakuna karani anayeweza kukupa, na barua yoyote ya "rekebisha kumbukumbu zangu" itakataliwa, kwa sababu kumbukumbu hazina kosa: hakuna nishani iliyotolewa. Unachohitaji ni pendekezo jipya, na njia yake iko Hatua ya 6.

Purple Heart na beji za mapigano zina hali ya peke yake. Purple Heart ni haki ya kila anayetimiza masharti, ila masharti ni makali: jeraha limetokana na adui, lilihitaji matibabu ya mganga wa jeshi, na matibabu hayo yaliandikwa. Gari lililopinduka bila adui kuhusika halihesabiki, wala ugonjwa, wala kuzimia kwa joto, wala PTSD. Mtikisiko wa ubongo kutokana na mlipuko unaweza kukubalika, hasa kama kumbukumbu za wakati ule zinaonyesha ulipoteza fahamu au mganga alikuzuia kazi ya kawaida kwa zaidi ya saa 48. Combat Action Badge inatolewa kwa matukio tangu tarehe 18 Septemba 2001, na inataka ushahidi kwamba wewe binafsi ulikuwepo ukishambulia au ukishambuliwa. Kuwa kwenye kambi iliyowahi kupigwa makombora hakutoshi peke yake.

Utajua umefaulu kila nishani kwenye orodha yako ikiwa na herufi A, B au C pembeni.

## Hatua ya 3: Omba faili lako lote

Unahitaji kuona kile ofisi inachokiona. Faili hilo rasmi la utumishi linaitwa OMPF. Waliotoka miaka ya karibuni wanaweza kulipata kwa njia ya mtandao kupitia milConnect. Wengine waombe kwa NPRC, kituo cha kumbukumbu kilichoko St. Louis, Missouri, kwa huduma ya mtandaoni ya eVetRecs au kwa karatasi iitwayo SF 180.

Kwenye SF 180 wengi huweka alama kwenye DD 214 tu. Weka alama pia kuomba faili zima, na kama unadai Purple Heart, omba kumbukumbu za matibabu. Tia saini kwa kalamu. Fomu isiyo na saini haishughulikiwi. Aliyerudi Mombasa au Arusha anaweza kuituma kwa posta bila shida yoyote.

Huduma hii ni bure kwa mwenyewe na kwa ndugu wanaotambuliwa. Zipo kampuni zinazotoza dola nyingi kwa kujaza fomu hii hii. Usizilipe.

Kama unamtafutia mzee aliyetumikia zamani, fahamu kwamba moto wa tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18 pale St. Louis: karibu asilimia 80 ya waliotoka Army kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, na asilimia 75 ya Air Force waliotoka kati ya Septemba 1947 na Januari 1964, kwa wale ambao majina yao yanafuata Hubbard kialfabeti. Jibu la "faili limeungua" si mwisho. Eleza kikosi, mahali na miezi, ili watafute kwenye orodha za malipo na ripoti za kila siku za vikosi.

Utajua umefaulu ukiwa na faili mkononi na umelipitia ukurasa kwa ukurasa. Usishangae ukikuta amri ya nishani imo humo humo. Ikitokea hivyo, kesi yako imeisha kabla haijaanza: ichapishe na uruke hadi Hatua ya 5.

## Hatua ya 4: Jenga ushahidi

Kisheria, kumbukumbu za jeshi zinachukuliwa kuwa sahihi mpaka wewe uonyeshe vinginevyo. Anayesoma ombi lako hatakupigia simu makamanda wako wala kuchimba makabrasha kwa niaba yako. Atakachokiona ni kile ulichoambatisha.

Panga ushahidi kwa uzito wake. Juu kabisa ni amri ya nishani yenye namba, kisha cheti kilichosainiwa, kisha DA 638 yenye saini ya aliyeidhinisha. Angalia saini hiyo vizuri: DA 638 iliyojazwa na sajenti bila kuidhinishwa ni pendekezo tu, na inakupeleka Aina C.

Kwa Aina B, ushahidi bora uko mahali ambapo watu hawafikirii kutazama, yaani kwenye mshahara. LES yako inaonyesha malipo ya eneo la hatari, dola 225 kwa mwezi, na msamaha wa kodi wa eneo la vita. Miezi miwili mfululizo ya malipo hayo, pamoja na hati ya safari yenye tarehe za kuingia na kutoka, inathibitisha kuwepo kwako vizuri kuliko albamu nzima ya picha. Tathmini za utendaji zilizoandikwa ukiwa vitani nazo zinafaa, kwa sababu zinataja kikosi na kazi.

Picha zina nafasi yake, lakini picha yako ukiwa umevaa utepe haithibitishi kwamba ulipewa.

### Maelezo ya shahidi

Hapa ndipo maombi mengi mazuri yanapoharibika. Shahidi anaandika kwa upendo, anasifu, na hasemi kitu. Linganisha mifano hii miwili niliyoitunga.

Dhaifu: *"Namfahamu mwenzangu huyu tangu 2006. Alikuwa askari shupavu, mcha Mungu, na alijeruhiwa akiitetea nchi. Anastahili kabisa Purple Heart."*

Imara: *"Tarehe 14 Machi 2007, saa nne asubuhi hivi, nilikuwa dereva wa gari la tatu katika msafara wetu kaskazini ya Balad. Bomu lililotegwa kando ya barabara lililipuka upande wa kulia wa gari la pili. Yeye alikuwa amesimama kwenye bunduki ya juu ya gari hilo. Nilifika kwake baada ya dakika kama mbili. Damu ilikuwa ikimtoka chini ya sikio la kulia na hakuweza kunijibu. Mganga wa platuni alimfunga bandeji pale pale, na jioni ile nilimwona amelazwa kwenye kituo cha matibabu kambini."*

Mfano wa pili unaeleza lini, wapi, shahidi alikuwa wapi, aliona nini kwa macho yake, na nani alitibu. Hauna sifa hata moja, na ndio unaosaidia. Mwambie shahidi aandike tu alichokiona, aongeze cheo chake na kikosi chake cha wakati ule, na aambatishe DD 214 yake kuonyesha kwamba kweli alikuwepo.

Maelezo yaandikwe kwa Kiingereza. Si lazima kwenda kwa mthibitishaji wa hati: sheria ya 28 U.S.C. 1746 inaruhusu tamko la maandishi linalosema maelezo ni ya kweli chini ya adhabu ya kusema uongo, likiwa na tarehe na saini. Kama shahidi yuko nje ya Marekani, tamko lake lazima litaje wazi kwamba linafanywa chini ya sheria za Marekani. Sheria yenyewe ina maneno ya kunakili kwa kila hali. Yanakili yalivyo, maana shahidi aliyeko Nairobi akitumia maneno ya walioko Marekani, tamko lake lina kasoro.

Onyo: usiwaandikie mashahidi wote maneno yale yale ili watie saini. Msomaji akikuta barua tatu zenye sentensi zilezile, anaacha kuziamini zote tatu. Na usiguse DD 214 yenyewe kwa kalamu wala kompyuta, hata kwa nishani unayoistahili. Hati iliyochezewa ni kosa la jinai, na sheria ya 2013 inaadhibu pia anayejidai kuwa na nishani fulani, Purple Heart ikiwemo, ili ajipatie fedha au manufaa mengine.

### Kuhusu majina yetu

Wengi wetu tuna majina matatu, na jeshi huandika la mwisho kama jina la ukoo. Mtu anaandikishwa kwa jina la babu, anatunukiwa cheti chenye jina la baba, kisha anaapishwa kuwa raia kwa jina la tatu. Karani anaona watu watatu. Weka kwenye ombi ukurasa mmoja unaoorodhesha kila jina ulilotumia na kipindi chake, na ambatisha cheti cha uraia au amri ya mahakama. Usiombe DD 214 ibadilishwe jina ndani ya ombi hilo hilo. Kwa kawaida hati inabaki na jina ulilotumikia nalo, na ombi la jina linaweza kuchelewesha la nishani bila faida.

## Hatua ya 5: Peleka kwanza kwenye ofisi ya jeshi lako

Hii ni kwa Aina A na B, pamoja na Purple Heart na beji za mapigano. Ofisi ya utumishi ya jeshi lako ina uwezo wa kurekebisha bila Bodi.

- Army: Human Resources Command, Fort Knox, Kentucky.
- Air Force: Air Force Personnel Center, Joint Base San Antonio-Randolph, Texas.
- Navy: Navy Personnel Command, Millington, Tennessee.
- Marine Corps: ofisi ya nishani ya makao makuu, Quantico, Virginia.

Kwa waliotoka zamani na faili lao kuhamia St. Louis, anzia NPRC kwa SF 180. Wao huthibitisha nishani au hulipeleka ombi panapohusika. Anwani kamili chukua kwenye tovuti rasmi siku unayotuma, kwa sababu hubadilika.

Barua ya kufunika isizidi ukurasa mmoja: jina na namba yako, kipindi cha utumishi, kisha orodha ya nishani. Mbele ya kila nishani andika namba ya kiambatisho kinachoithibitisha. Malizia kwa kuomba itolewe fomu ya DD 215. Hii ndiyo karatasi ya marekebisho inayoambatana na DD 214. Hati ya zamani kwa kawaida haichapwi upya, kwa hiyo usiidai.

Tenganisha kuomba hati na kuomba medali yenyewe. Wapo waliotumiwa medali kwenye boksi, wakafurahi, na DD 214 ikabaki vilevile.

Tuma kwa njia yenye namba ya kufuatilia, na tunza jibu lolote watakalokupa. Hata jibu la kukataa ni mali, kwa sababu ndilo litakaloithibitishia Bodi kwamba ulipita ngazi hii.

Utajua umefaulu ukipokea DD 215 yenye nishani kwenye mstari wa kisanduku cha 13. Walio wengi wa Aina A na B wanaishia hapa.

## Hatua ya 6: Kama hukupendekezwa, pita kwa mbunge

Mapendekezo ya nishani yana ukomo wa muda, na kwa wengi umeshapita. Sheria ya 10 U.S.C. 1130 inafungua mlango: mjumbe wa Baraza la Wawakilishi au Seneta anaweza kuliomba jeshi lipitie pendekezo hata kama muda umekwisha.

Pendekezo liandikwe na mtu aliyekuwa kwenye mnyororo wa uongozi wako, au aliyeshuhudia tendo lenyewe. Huwezi kujipendekeza mwenyewe. Andaa DA 638 (au fomu ya jeshi lako), masimulizi ya tendo, na maelezo ya mashahidi, kisha piga simu ofisi ya mbunge wa eneo unaloishi na uulize anayeshughulikia masuala ya wanajeshi. Atakupa fomu ya ruhusa ya kuona taarifa zako. Huna haja ya kumjua mtu wala kutoa chochote. Hiyo ni kazi yao.

## Hatua ya 7: Bodi na fomu ya DD 149

Ukifika hapa una jibu la kukataliwa au ushahidi kwamba ofisi haikujibu. Army ina bodi yake, Air Force na Space Force wana yao, Navy na Marine Corps wanatumia moja, na Coast Guard ina yake chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani.

Kabla ya kuandika, nenda kwenye tovuti ya boards.law.af.mil. Humo mna maamuzi ya zamani ya bodi, majina yakiwa yamefutwa. Tafuta kesi za nishani unayoidai, soma iliyokubaliwa na iliyokataliwa, uone ni karatasi gani iliyoleta tofauti. Hakuna wakili atakayekufundisha zaidi ya hapo bila malipo.

Sehemu tatu za fomu ndizo zinazoangusha watu:

1. Unachoomba. Taja nishani kwa jina lake kamili, na useme iongezwe kwenye kisanduku cha 13. "Nirekebishiwe kumbukumbu zangu zote" halijibiki.
2. Kwa nini ni kosa au dhuluma. Eleza kwa mpangilio wa tarehe na taja kiambatisho kila unapotaja jambo. Hasira yako ina haki, lakini iache nje ya fomu.
3. Tarehe ulipogundua kosa. Una miaka 3 tangu siku uliyogundua. Kama imepita, Bodi inaweza kusamehe kwa ajili ya haki, ila lazima uombe na utoe sababu. Eleza ukweli: hukujua kisanduku cha 13 kinahusu nini, ulikuwa unauguza, uliishi nje ya nchi. Ukiacha sehemu hii wazi, umewapa sababu ya kukataa bila kusoma mengine.

Tia saini. Anayemwombea marehemu aambatishe uthibitisho wa kifo na wa undugu. Army inapokea pia kwa njia ya mtandao.

Unaweza kupata msaada bure kutoka kwa maofisa wa wanajeshi wa zamani wa kaunti yako, au vyama kama American Legion, VFW na DAV. Nenda nao ukiwa umeshafanya Hatua ya 1 hadi ya 4, watakusaidia maradufu.

Sheria inazitaka bodi zimalize asilimia 90 ya kesi ndani ya miezi 10 na zote ndani ya miezi 18. Usitume ombi la pili kwa sababu la kwanza limekawia. Ukihama, wajulishe anwani mpya.

## Hatua ya 8: Ukikataliwa

Soma sehemu ya mjadala kwenye uamuzi, si mstari wa mwisho tu. Humo wanasema walikosa nini: hakuna kumbukumbu ya matibabu, shahidi hakuwepo, tarehe hazilingani. Hiyo ndiyo orodha yako ya kazi.

Unaweza kuomba Bodi ipitie upya wakati wowote, mradi uwe na ushahidi ambao hawakuwahi kuuona. Kurudisha karatasi zilezile na barua kali zaidi hakusaidii. Njia ya mahakama ya shirikisho ipo pia, na hapo ni vyema kuwa na wakili.

## Hatua ya 9: DD 215 ikishafika

Hakiki kila herufi siku hiyo hiyo: jina, namba, tahajia ya nishani, idadi ya nyota za kampeni. Kosa kwenye DD 215 linarekebishwa kwa DD 215 nyingine, na ni rahisi zaidi likiwa bichi.

Ibane pamoja na DD 214, na kila unapotoa moja, toa zote mbili. Peleka nakala VA kama una madai yanayoendelea au kama Purple Heart inakubadilishia kundi la matibabu, hawatajua wasipoambiwa. Mwajiri wa serikali kuu naye apewe. Medali zenyewe, kama hukuzipata, omba sasa kupitia NPRC ukiambatisha DD 215.

Watu wengi hushauriwa kusajili DD 214 kwenye ofisi ya kumbukumbu ya kaunti ili isipotee. Kabla ya kufanya hivyo, uliza kama hati zilizosajiliwa hapo zinafunguliwa kwa umma. DD 214 nyingi zina namba kamili ya Social Security, na kuna kaunti ambako mtu yeyote anaweza kuingia na kuomba nakala. Kama jibu ni ndiyo, zihifadhi nyumbani ndani ya bahasha isiyopitisha maji, na mwambie angalau mtu mmoja wa familia mahali zilipo.